Ulinzi wa Mpaka na Ulinzi wa Maji

Atokaye Tukuyu akashika njia ya kusini, akishuka katikati ya migomba na mashamba ya chai hata kuupita mji wa Kyela, hatimaye hufika Ziwa Nyasa. Ziwa hilo lina kesi. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890 yaliuweka mpaka kwenye ufuo wa mashariki. Kwa hiyo Malawi husema kwamba maji yote ya upande huu ni yake. Nchi yetu hujibu kwamba mpaka sharti upite katikati ya maji, kama ilivyo desturi ya mataifa. Malawi ilipotoa ruhusa ya kutafuta mafuta ziwani, maneno yalipanda joto. Mwezi wa Agosti 2012 marehemu Edward Lowassa, wakati huo Mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, alisema hadharani kwamba jeshi letu li tayari hata kwa vita. Kwa bahati njema haikulia risasi. Shauri lilikabidhiwa wasuluhishi, wakiongozwa na Joaquim Chissano, aliyekuwa Rais wa Msumbiji.

Ziwa hilohilo lina adui mwingine, ambaye hatumkumbuki kumsikia akitangaziwa utayari kwa sauti kama ile. Mwezi wa Machi 2022 kipindupindu kilizuka Malawi, na kabla hakijatulia mwaka uliofuata kilikuwa kimewashika watu zaidi ya 58,000 na kuwaua zaidi ya 1,700. Kilianzia kusini, kikapanda kaskazini hata wilaya ya Karonga, iliyo ng'ambo tu ya mto Songwe. Wala si mgeni kwetu: mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 uliendelea hadi mwaka 2018, ukaua Watanzania zaidi ya 500, na Kyela ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoguswa.

Basi twauliza: Serikali yenye fedha chache ipime kwa mizani gani hatari hizi mbili?

Wako watakaosema kwamba swali lenyewe halifai, kwa kuwa nchi iliyonyang'anywa ardhi haina mahali pa kujenga zahanati. Neno hili lina ukweli, nasi hatulipuuzi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua raia na kupora mali zao. Serikali iliyo bila jeshi ingewaambia nini watu wale? Lakini yafaa kukumbuka pia kwamba mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Septemba 1978, mataifa yalikutana Alma-Ata na kuahidiana afya kwa watu wote ifikapo mwaka 2000. Tanzania ilikuwa imekwisha kuianza safari hiyo, kwa zahanati za vijiji na kwa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafanya wanavijiji wengi wachimbe vyoo kwa mikono yao. Vita vile vilikuwa vya haki, navyo vilikula fedha nyingi mno. Zikaongezeka taabu nyingine za uchumi, hata miaka ya 1980 zahanati nyingi zikabaki na kuta na mwuguzi bila dawa. Hata vita vya haki hulipiwa kwa sehemu na wagonjwa. Ndiyo sababu mtawala mwenye busara haviiti kwa ulimi.

Tena, hoja iliyo bora kuliko zote ya kulitetea jeshi ni kwamba askari hafunzwi siku adui anapovuka mto. Twaikubali kabisa. Lakini je, mwuguzi hufunzwa kwa siku moja? Kisima huchimbwa usiku ule mtoto anapoanza kutapika? Kipindupindu huweza kumkausha mtu maji na kumwua kwa saa chache, na hali tiba yake ni nyepesi: akipewa mapema maji yenye chumvi na sukari, na ya mshipa akizidiwa, hawafi hata mmoja katika kila mia. Tofauti ya kufa na kupona ni mtu aliyefundishwa na dawa iliyofika kabla. Kwa upande wa silaha twatoa fedha ili jambo lisitokee. Kwa upande wa maradhi mara nyingi twangoja litokee, ndipo gari la klorini linapotumwa. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja, Aprili 2001, kutenga walau asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Bajeti zetu za miaka ya karibuni zimebaki chini ya hapo.

Yako mengine ya kustaajabisha zaidi. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya huduma za UKIMWI katika Nyanda za Juu Kusini ililipiwa na Marekani, tena kupitia wizara yao ya ulinzi. Twawashukuru, wako ndugu zetu walio hai kwa dawa zile. Lakini Januari 2025 Serikali ya huko iliposimamisha misaada ya nje, wengi walishikwa na hofu. Hakuna Mtanzania ambaye angekubali risasi za jeshi letu zinunuliwe na taifa la kigeni, likitaka litoe, likitaka lizuie. Mbona kwa dawa tulikubali?

Wengine, wakitaka afya ipewe uzito, husema maradhi nayo yaitwe mambo ya usalama wa taifa. Hapo twaona hatari. Jeshi hufaa kuficha hesabu zake. Afya huishi kwa kuzitoa nje. Mwishoni mwa Aprili 2020 kutangazwa kwa hesabu za wagonjwa wa korona kulisimama, na kwa zaidi ya mwaka mzima familia zilizika wapenzi wao pasipo kujua ukubwa wa lililowapata. Tunachotaka maradhi yapewe ni sehemu ya fedha na uharaka wa ulinzi, siyo siri yake.

Turudi Rungwe. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo yatelemka kwenda Kyela, na choo kibovu cha huku juu ni maji ya kunywa ya jirani wa huko chini. Katika maporomoko ya mito hiyo huzaliwa pia nzi waletao usubi, maradhi yawezayo kupofusha. Kwa zaidi ya miaka 20 wanakijiji waliochaguliwa na wenzao wamekwenda nyumba kwa nyumba na fimbo ya kupimia kimo, ili kila mtu apate kadiri ya dawa inayomfaa. Hao nao ni walinzi, ingawa hawana gwaride. Mabaraza ya madiwani ya Rungwe na Busokelo yatakapokaa kupanga bajeti, wasomaji wetu wa huko na waulize vyoo vingapi vya shule na visima vingapi vimeandikwa humo. Na wakijibiwa kwamba fedha hazipo, waombe kuonyeshwa zilikokwenda.