Usione Vyaelea, Vimeundwa

Jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo na maji ya Tanganyika yakageuka rangi ya shaba, simama nami ufukweni Bujumbura, msomaji wangu. Wavuvi wa ndagala wanaanza kuwasha taa, na macho yetu yanazifuata. Lakini ajabu ninayotaka tuitazame haizidi urefu wa kidole, wala haipangwi sokoni pamoja na mukeke. Makao yake ni kwenye mawe yaliyoingia majini, ukishika njia ya Rumonge.

Ni samaki mwenye rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, mapezi yake yamepindwa kwa uzi mweupe kama kanzu iliyotariziwa kwa mkono, na mkia wake unaishia katika nyuzi mbili ndefu zinazopepea nyuma yake kama ncha za mtandio. Wafugaji wa samaki wa mapambo ughaibuni humwita Binti Mfalme wa Burundi. Wataalamu wamempa jina Neolamprologus brichardi, kwa heshima ya Pierre Brichard, aliyekuwa akisafirisha samaki wa ziwa hili kutoka hapa hapa Bujumbura.

Mtazame anavyolea. Mama akishataga kwenye mwanya wa jiwe, kazi haiwi yake na baba peke yao. Vijana wa nyumba, mara nyingi wana wa uzao uliotangulia, hubaki kusaidia: huyasafisha mayai, humkabili adui aliyewazidi umbo, na mchanga ukiziba mlango huukomba kwa kinywa, funda baada ya funda, wakautema nje. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa hawa, haba na haba huondoa kibaba. Ni chuo gani walichoketi jamvini wakafunzwa adabu hiyo?

Wamezaliwa nayo, imeandikwa ndani yao. Katika chembe za mwili wa samaki huyu umekunjwa uzi wa DNA, wenye herufi nne tu, A, T, G na C, zilizofuatana kwa mamia ya mamilioni bila nafasi wala nukta. Mwaka 2014 jarida la Nature lilichapisha usomaji wa maandishi hayo, yake na ya jamaa zake wanne wa Afrika. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, wakasoma ya samaki karibu 600 wa ukoo huo waliomo ziwani, wa aina zipatazo 240: kuanzia kuhe, anayejaza sinia, hadi wale wadogo wanaojistiri ndani ya nyumba tupu za konokono. Herufi ni zile zile nne. Kwa hizo hizo mmoja ameumbwa jitu na mwingine akatoshea ndani ya konokono, na kila nikilifikiri hilo ulimi wangu huwa mzito.

Binadamu naye amejaribu wino huo. Mwaka 1999, huko New York, Carter Bancroft na wenzake walificha ndani ya DNA ujumbe wa maneno machache kuhusu uvamizi wa Normandy wa Juni 6, wakautia kwenye nukta ya barua iliyopigwa chapa, wakaituma kwa posta. Ukafika, ukafumbuliwa. Nawavulia kofia kwa dhati. Hata hivyo wino ule waliuazima kwa Muumba, na nukta yao ilibeba sentensi moja. Yai la Binti Mfalme, dogo kama punje ya uwele, limebeba jicho, pezi, uzi mweupe wa pindo, na huruma kwa mdogo ambaye bado hajazaliwa.

Taa zimekuwa nyingi sasa, kana kwamba nyota zimeshuka kuoga. Kesho mwanga utakapopenya katikati ya mawe, kijana mmoja atajaza mchanga kinywani, aelekee mlangoni.