Nia Njema na Tumbo la Ndugu Yangu



Ndugu zangu katika imani, nina swali lililokaa nami tangu muhula uliopita. Mtu akimdhuru mwenzake huku nia yake ni kumsaidia, je, ana lawama? Sote tumefundishwa tangu madrasa kwamba amali huhesabiwa kwa nia. Nilidhani mafundisho hayo yanalimaliza swali. Sasa sidhani hivyo.

Ilikuwa baada ya Isha, katika hosteli yetu ya Kikoni. Mwenzangu wa chumbani alikuwa akilalamika tumbo tangu asubuhi. Lilianza kuuma karibu na kitovu, akakataa chakula, akatapika mara moja. Sisi tunaoishi kwa rolex za Wandegeya na maharagwe ya jana hatushtuki mtu akisema tumbo linauma. Mimi nimelelewa Mombasa na nyanya ambaye hakukosa chupa ya mafuta ya mbarika nyumbani, na chupa yangu niliiweka kwenye sanduku. Nikampa vijiko viwili anywe. Nikalowesha kitambaa kwa mafuta hayohayo, nikamwekea tumboni, na juu yake chupa ya maji ya moto, kama tulivyoelekezwa kwenye kundi moja la WhatsApp kwamba hiyo ni tiba ya Sunna. Nikamsomea Fatiha. Yote niliyafanya kwa mapenzi.

Saa tisa za usiku maumivu yalikuwa yamehamia chini, upande wa kulia, na homa imepanda. Tukamkimbiza hospitali. Daktari aliuliza amekunywa nini, nikamwambia. Akanieleza bila ukali kwamba huenda ni kidole tumbo, na kwamba mwenye maumivu ya namna hiyo hapewi dawa ya kuendesha tumbo, kwa kuwa kidole kilichovimba kinaweza kupasuka na usaha ukamwagika tumboni. Alifanyiwa upasuaji alfajiri. Alhamdulillah, kilikuwa hakijapasuka, na leo tunakaa naye darasani.

Yeye hakunilaumu. Aliniambia, "Ndugu yangu, ulikesha nami. Allah anaijua nia yako." Maneno hayo ndiyo yaliyoninyima usingizi.

Nilirudi kwenye niliyosomeshwa nikaona kwamba sheria yetu inatenganisha mambo mawili tuliyozoea kuyachanganya: dhambi na dhamana. Katika Surat an-Nisaa, aya ya 92, aliyemuua muumini kwa kukosea amewekewa kafara, na familia ya marehemu ina haki ya diya isipokuwa wakisamehe. Hakukusudia, lakini hakuambiwa aende zake. Na katika tiba hasa, Abu Dawud amepokea hadithi ya Mtume (S.A.W.) yenye maana kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu, yeye ni mdhamini wa madhara yatakayotokea. Hadithi hiyo haimuulizi alikuwa na nia gani. Inamuuliza alikuwa anajua nini.

Basi mimi nilikuwa najua nini? Nilijua kwamba ni tiba ya Sunna. Hata hilo halikuwa kweli. Mbarika ni dawa ya kale, na Wamisri waliiandika kwenye mafunjo yao zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Lakini kitambaa cha mafuta tumboni, kwa namna tunavyoelekezana leo, kilienezwa sana na Mmarekani aitwaye Edgar Cayce, aliyeishi 1877 hadi 1945. Alikuwa akilala, akifumba macho, kisha akiwatajia watu maradhi yao na dawa zake. Sisi tunaoonywa tusiwaendee makuhani tulikuwa tukisambaziana maagizo yake na kuyaita Sunna!

Hata hivyo, asili ya dawa peke yake haitoshi kuihukumu. Mafuta ya mbarika yakinywewa hufanya kazi kweli. Utumbo huyavunja na kutoa asidi ya risinoleiki, ambayo huisukuma misuli ya utumbo. Mwaka 2012 watafiti nchini Ujerumani walionyesha jinsi inavyofanya hivyo. Kumbe nguvu hiyohiyo inayomfaa mwenye choo kigumu ndiyo ya hatari kwa mwenye kidole tumbo. Kitambaa cha juu ya ngozi kina ushahidi mdogo. Utafiti mmoja wa Uturuki uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta wazee wenye choo kigumu wakipata nafuu ya kutojikamua sana, lakini idadi ya kwenda haja haikubadilika. Na neno "asili" lisitudanganye, kwani mbegu za mbarika zina risini, sumu inayoua.

Kuna atakayenikumbusha hadithi ya asali, ambayo ni sahihi. Mtu alimjia Mtume (S.A.W.) kuhusu tumbo la nduguye, akaambiwa ampe asali, akarudi kusema limezidi, akaambiwa ampe tena, mpaka akapona. Je, huo si mfano wa kushikilia tiba hata hali ikizidi? Naona mambo mawili. Aliyeagiza alikuwa Mtume, nami sipati wahyi. Na yule ndugu alikuwa akirudi kila mara kueleza hali ya mgonjwa kwa aliyejua zaidi yake. Mimi nilikaa na kitambaa mpaka saa tisa bila kumuuliza mtu.

Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alipougua, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza kwa Harith bin Kalada wa Thaqif, kwa sababu ni mtu anayetibu, na katika mapokezi hayohayo zimetajwa tende saba za ajwa. Tende na tabibu vimekaa mahali pamoja. Hata hapa kwetu, kituo cha serikali cha kuchunguza dawa za mitishamba kipo Wandegeya tangu miaka ya 1960, na Uganda imekuwa na sheria ya tiba asili tangu 2019. Mululuza haidharauliki ikichunguzwa.

Najua pia kwamba wengi wetu tunashika chupa kwa sababu hospitali ina foleni na gharama. Hiyo ni haki kwa tumbo ninalolijua, tena langu mwenyewe. Tumbo la mwenzangu ni amana, na umaskini wangu wa elimu usilipwe kwa mwili wake.

Basi jibu langu ni hili: nia njema huniokoa na dhambi, lakini hainiondolei wajibu wa kujua kabla ya kutenda, wala wa kukubali kosa baada ya kutenda. Nilimwomba radhi, nikachangia gharama za hospitali. Alishangaa, kisha akapokea.

Chupa bado ninayo. Wiki chache zilizopita jirani aligonga akiomba mafuta ya tumbo. Nilimuuliza: linauma wapi, tangu lini, umetapika, una homa? Akacheka, "Umekuwa daktari?" Nikamwambia, "Hapana. Ndiyo maana nauliza." Majibu hayakunipendeza, nikavaa viatu nikamsindikiza zahanati.