Weka na Rasimu

Kijana anayetafuta kazi ya usanifu wa michoro mara nyingi hujaza jalada lake kwa kila alichowahi kuchora: kadi za harusi, nembo za maduka, fulana za ligi ya mtaani. Mwajiri hupitisha macho tu. Kazi sita zilizoelezwa vizuri zina uzito zaidi kuliko thelathini zilizorundikwa, na hata hizo sita zinahitaji rasimu zake kando.

Mwaka 1976 msanifu wa michoro Milton Glaser alikuwa ndani ya teksi jijini New York wazo la nembo ya I ♥ NY lilipomjia. Akalichora kwa rangi nyekundu kwenye kipande cha bahasha. Kipande hicho leo kimehifadhiwa MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la jiji hilo. Nembo iliyokamilika imeenea kwenye fulana kila mahali, lakini ni ile bahasha inayotuonyesha mtu akifikiri. Mwajiri makini anatafuta fikra hizo.

Kwa hiyo eleza mteja alitaka nini, ulijaribu nini, kwa nini ukakiacha. Huna mteja bado? Sanifu kanga: pindo, mji wa katikati na jina, yaani maandishi yake. Itakubidi uoanishe rangi chache, mchoro unaojirudia, na maandishi yatakayosomeka kanga ikiwa imevaliwa. Ni kazi ngumu, ngumu kuliko nembo nyingi ninazoonyeshwa. Piga picha kila hatua, tangu mistari ya penseli, na uziweke zote kwa mpangilio.