Mjukuu Wangu, Usinunue Pikipiki kwa Macho

Mjukuu wangu, najua umechoka. Umechoka kuamka saa kumi alfajiri kugombea daladala Maili Moja hapa Kibaha, umechoka kusimama mguu mmoja hadi Kariakoo, na sasa una akiba kidogo unataka pikipiki iliyotumika. Sikulaumu. Foleni ya Barabara ya Morogoro inaweza kumtoa mtu akili. Lakini kabla hujamhesabia mtu noti, keti hapa unisikilize. Barabara unayoikusudia naijua, na wanaoiingia kwa pupa najua inakowafikisha.

Pikipiki ya kwendea gengeni ikikuharibikia, utaisukuma hadi nyumbani. Ya kutoka Kibaha hadi mjini ikikuharibikia ukiwa kwenye mwendo, huenda usipate nafasi ya kuisukuma. Huo ndio wasiwasi wangu wote.

Piga hesabu kidogo. Kibaha hadi mjini ni kama kilomita 40. Kwenda na kurudi ni 80. Ukifanya kazi siku 25, mwezi umekula kilomita 2,000. Mnyororo, tairi, breki na oili vyote vinaliwa na hizo kilomita, wewe ukiwa umelala unaota mshahara.

Halafu kuna hili la njia nane. Tangu barabara ipanuliwe kati ya Kimara na Kibaha, vijana wanadhani wamepewa uwanja. Mwanangu, barabara pana haina huruma pana. Zamani kwenye kipande hicho foleni ilimshika kila mtu mkono. Siku hizi lori la semi linalokwenda Zambia au Kongo linakupita kwa kasi, na upepo wake peke yake unaipeleka pikipiki nyepesi pembeni. Hapo Mbezi mabasi ya mikoani yanaingia na kutoka kituo cha Magufuli, na daladala linachomekea bila taa wala salamu. Ukiwa kilomita 80 kwa saa, kila sekunde umepita mita 22. Ukijikuna pua tu, umeshaacha nyumba mbili nyuma.

Kwa hiyo nakusihi, chagua kwa barabara, usichague kwa bei.

Zile za CC 100 na 125 ni pikipiki nzuri, sizisemi vibaya. Mtaani zinatosha, mafuta zinanusa tu. Ila kwenye barabara kuu utakuwa umekunja aksileta hadi mwisho muda wote, na pikipiki ya namna hiyo ni kama punda aliyepakiwa mpaka masikioni: anakwenda, lakini ukimwomba aharakishe hana cha kukupa. Siku semi limekukaribia nyuma na unataka kutoka, utakunja na hakuna kitakachoongezeka. Tafuta ya CC 150, Boxer BM 150 au TVS HLX 150, uiendeshe kwa 60 au 70 huku ikiwa imeweka nguvu pembeni. Nguvu hiyo si ya resi. Ni ya kukutoa mdomoni mwa lori siku moja tu, na siku hiyo hutaijua mapema. Tena spea zake ziko kila duka kuanzia Kibaha hadi Kariakoo, na fundi anayeijua hukosi hata Kiluvya.

Dalali atakuonyesha nyingine. Atakutolea pikipiki kubwa ya Kijapani, CC 400, sauti nzito, bei karibu sawa na ya Boxer. Moyo utakuruka. Jiulize kwa nini inauzwa rahisi. Spea isiyopatikana ni bei ambayo bado hujaambiwa. Nimewaona vijana wenye pikipiki za namna hiyo. Zimeegeshwa uani chini ya turubai zikisubiri kifaa, na wao wamerudi kugombea daladala. Tena ina uzito, na mwendo wake utakushawishi kabla mikono yako haijajifunza.

Sasa njoo kwenye ile inayonitisha zaidi: iliyokuwa bodaboda. Sina ugomvi na bodaboda, ni watoto wetu hao, wanalisha familia. Lakini unajua mkataba wao. Kijana anapewa chombo na tajiri, kila siku lazima alete hesabu, mvua au jua. Chombo kinakimbizwa tangu alfajiri hadi usiku, kinabeba mshikaki wa watu watatu na magunia, na matengenezo ni yale ya kufanya kiende leo tu. Mkataba ukiisha, wengi wanaiuza. Inapigwa rangi, inavalishwa siti mpya, inawekewa stika, kisha unaambiwa ilikuwa ya mwalimu aliyekuwa anakwenda nayo shuleni. Mwanangu, rangi mpya haijawahi kunyoosha fremu.

Ndiyo maana nasema usinunue kwa macho. Nunua kwa mikono, kwa masikio, na kwa fundi wako. Fundi wako, si wa muuzaji! Fundi wa muuzaji ana mdomo wa muuzaji.

Nenda asubuhi, na kabla haijawashwa sogeza mkono karibu na injini. Kama ina joto, wameiamsha mapema ili isikukohoe mbele yako. Uliza kwa nini. Ikiwaka, simama nyuma uangalie ekzosi. Moshi wa bluu usioisha maana yake inaunguza oili, ringi zimechoka, na kufungua injini si hela ya soda. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na kwa mji huu ambao Jangwani inafurika kila mvua kubwa, pikipiki iliyowahi kuzama si hadithi. Iache.

Isimamishe kwenye stendi kubwa, gurudumu la mbele liwe hewani. Zungusha stelingi polepole kushoto na kulia. Ikinasa katikati kama imepata kituo chake, beringi za shingoni zimekwisha. Shika gurudumu hilo uvute mbele na nyuma. Likicheza, mwendo mkubwa utakutikisa mikono hadi uogope. Angalia ncha za klachi na breki, na vikanyagio. Zikiwa zimekwaruzwa au kupinda, pikipiki imelala chini, na aliyekwambia haijawahi kuanguka amekuonyesha namna atakavyokujibu mengine. Angalia chini ya siti na shingoni kama kuna mahali palipochomelewa. Fremu iliyochomelewa usiichukue hata kwa zawadi.

Meno ya sproketi yakiwa yamepinda na kuchongoka, hesabu seti nzima ya cheni kwenye bei. Tairi lina namba nne ubavuni: 3218 maana yake lilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2018. Tairi zee linaweza kuwa na maua yote na bado likakupasukia kwenye lami ya saa nane mchana.

Na breki, mjukuu wangu. Hapa nisikilize vizuri kuliko kote.

Vijiweni wanafundishana kwamba breki ya mbele inapindua. Wengine wanailegeza kabisa, wanabaki na ya mguu. Hilo limewalaza wengi. Ukifunga breki, uzito mwingi unakimbilia mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kukusimamisha. La nyuma linabaki jepesi, linaburuzika. Inayopindua ni breki ya mbele iliyokamatwa kwa ghafla, au juu ya mchanga, au stelingi ikiwa imekunjwa. Ukiiminya taratibu huku ukiongeza, pamoja na ya nyuma, inakushika. Ukishanunua, kabla ya kuingia barabara kubwa, nenda kwenye uwanja mtupu ujizoeze mpaka vidole vijue vyenyewe. Na kumbuka, mwendo ukiuzidisha mara mbili, safari ya kusimama ukishakamata breki inakuwa mara nne. Breki iliyokutosha mtaani kwa 40, kwa 80 haijui jina lako.

Kwa hiyo hela yako usiimalize kwa muuzaji. Nakusihi tena, usiimalize! Mfuko uliokwisha dukani hutembea na tairi zee. Kama una akiba ya sehemu tatu, mbili ziwe za chombo, moja ibaki: matairi mawili, seti ya cheni, viatu vya breki, oili, bima, na kofia ngumu.

Kofia uinunue mpya, inayobana kichwa, yenye mkanda wa kidevuni. Ya mtumba huijui historia yake. Ikishapigwa chini mara moja, ile sponji ngumu ya ndani imeshafanya kazi yake na haifanyi mara ya pili, hata kama nje inang'aa. Watafiti waliokusanya ajali nyingi za dunia wameona kofia inapunguza uwezekano wa kufa kwa karibu asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hiyo ni kofia iliyo kichwani na mkanda umefungwa. Ile wanayoning'iniza kwenye kiwiko inalinda kiwiko. Ukitaka ushahidi mwingine, nenda hospitali ya Tumbi au MOI pale Muhimbili siku yoyote, uangalie wanaosukumwa kwenye machela ni wa umri gani. Ni wa umri wako. Na anayewaosha ni mama yao.

Karatasi nisikuchoshe. Namba ya injini na ya chesisi zifanane na zilizo kwenye kadi. Zikiwa zimekwanguliwa, ondoka bila kuaga. Kagua deni la faini kwa namba ya usajili. Uhamishe umiliki TRA wiki hiyo hiyo, usikae na kadi ya jina la mtu. Uwe na leseni ya pikipiki, siyo ya gari peke yake. Na ujue bima ndogo inamlipa uliyemgonga. Mguu wako hauimo humo.

Ukianza safari zako, njia ya mwendokasi usiikanyage, hata foleni ikiwa imelala kutoka Kimara hadi Ubungo. Lile basi halikutegemei, na dereva wake hana pa kukukwepea. Washa taa hata mchana. Mvua ikishika, simama chini ya paa. Bosi atakununia, atanyamaza. Usilipite semi upande wa kushoto, dereva hakuoni huko. Ukisikia usingizi jioni, egesha unawe uso.

Najua utasema babu anaogopa. Ndiyo, naogopa, na sioni haya.

Jumamosi ukienda kuiangalia hiyo pikipiki uliyoambiwa inauzwa, mpitie fundi kwanza, umlipe kwa muda wake hata kama hununui. Usibebe hela zote mkononi. Hela iliyo mkononi hutafuta mlango wa kutokea. Muuzaji akikataa usiiwashe ikiwa baridi, au akikwambia kuna mteja mwingine anakuja saa sita, mwambie amuuzie huyo. Panda daladala lako urudi nyumbani, Jumamosi ziko nyingi.