Miaka 15 ya Hezekia

"Siku ya mtu ikifika, imefika." Neno hili mume wangu amelirithi kwa baba yake, na baba yake alilipata kwa wazee waliokuwa wakikaa kuzunguka chungu cha pombe ya mtama, kila mmoja na mrija wake. Silidharau. Huku kwetu Mara watu wamezoea kuona kifo kikija kwa mshale, kwa mamba wa mtoni, kwa malaria, kwa mama kushindwa kujifungua. Aliyekulia katikati ya vifo vya namna hiyo alihitaji neno la kumwezesha kulala usiku. Ninachokataa ni neno hilo kuhamishwa kutoka mbele ya mshale na kuwekwa mbele ya sahani ya nyama na pakiti ya sigara. Mshale haukuulizi utakula nini kesho.

Mume wangu anafanya biashara ya ng'ombe. Kazi hiyo ina desturi zake, na anayeifanya nusunusu hapati mali. Siku ya mnada huanza na supu ya utumbo. Kabla jua halijawa kali nyama iko juu ya moto, chumvi imemwagwa pembeni ya ubao, kichuri kiko kwenye bakuli kwa wanaoupenda uchungu wake, na bei ya dume haikamiliki mpaka chupa zimefunguliwa. Anayekataa kula na wenzake huonekana ana neno moyoni. "Mura, kula," watamwambia, na atakula, kwa sababu kesho atahitaji kukopeshwa ng'ombe na hao hao.

Hapo hapo mnadani ndipo mkono wake wa kulia ulipolegea. Alikuwa anahesabu noti, zikamwanguka. Mdomo ukaenda upande, maneno yakawa mazito, na kwa kuwa bia ilikuwa mezani wenzake walidhani amelewa. Mmoja akasema amerogwa, tena akataja na aliyemroga. Kijana wa bodaboda, ambaye mpaka leo namwombea, ndiye aliyesema huyu apelekwe hospitali, mzozo baadaye. Walipomfikisha hospitali ya Mugumu maneno yalikuwa yamerudi na mkono unashika. Presha ilisoma 210 kwa 120. Daktari akatueleza kwamba mshipa wa damu kichwani ulikuwa umeziba kwa muda kisha ukafunguka, na kwamba wanaopatwa na hali hiyo wako katika hatari kubwa ya kupata kiharusi kamili, hasa katika siku chache zinazofuata. Akaandika dawa. Akataja chumvi, sigara na pombe, kwa mpangilio huo. Mume wangu akasikiliza kwa heshima yote anayompa mtu mwenye elimu, na tulipotoka nje akaniambia lile neno la baba yake.

Mimi ni mtoto wa Ngoreme niliyeolewa Tarime, nikafundisha shule za msingi mpaka kustaafu, na sasa tunaishi Mugumu. Ni Mmenoni. Kanisa letu liliingia huku mwaka 1934, wamisionari walipoanza kazi Shirati, na akina mama wa kanisa hilo tumelelewa tukisoma Biblia kwa kuhojiana. Kwa hiyo sikumjibu mume wangu kwa machozi. Nilimjibu kwa Hezekia.

Mfalme huyu wa Yuda aliugua, na nabii Isaya akaja kumwambia atengeneze mambo ya nyumba yake kwa maana anakufa. Hezekia akageukia ukutani akalia na kuomba. Kitabu cha Wafalme kinasema Isaya hakuwa hata ametoka uani alipoambiwa arudi: Mungu amesikia, na mfalme ameongezewa miaka 15. Hesabu imetamkwa na Mungu mwenyewe. Na baada ya hapo, jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka: Isaya anaagiza uletwe mkate wa tini, uwekwe juu ya jipu la mfalme. Wakauweka, akapona.

Tini za nini tena? Kama kuna mtu mmoja katika Biblia nzima ambaye angeweza kuacha dawa akasema siku zangu zimeshapangwa, ni Hezekia. Aliambiwa idadi yake. Lakini Mungu aliyempa idadi ndiye aliyemtuma nabii aagize dawa, tena dawa ya kawaida kabisa, iliyokuwa sokoni. Ninavyosoma mimi, siku ni za Mungu na tini ziko mikononi mwa watu, na anayezikataa tini kwa jina la siku ameitenganisha sentensi ambayo Mungu aliiunganisha.

Mume wangu si mtu wa kushindwa kwa sura moja. Alichukua Biblia akasoma mbele, akarudi kwangu ameweka kidole kwenye Manase. Manase mwana wa Hezekia alitawazwa akiwa na miaka 12. Piga hesabu, akasema: amezaliwa ndani ya ile miaka ya nyongeza, na ndiye mfalme aliyetenda mabaya Yerusalemu kwa miaka 55. Nyongeza ilizaa nini? Heri mtu aondoke akiwa bado na heshima yake, ameshiba, hajawa mzigo.

Swali hilo lilinifanya nimheshimu mume wangu zaidi ya alivyokusudia. Chini yake niliona hofu. Amemwona kaka yake akilishwa uji na wakwe kwa miaka, nusu ya mwili imekufa. Kwake kufa ghafla mnadani ni kifo cha mwanamume. Na hapo ndipo ninapotofautiana naye kwa mambo halisi, kabla hata ya kufika kwenye Maandiko: presha haimwahidi mtu kifo cha ghafla. Mara nyingi humwacha hai. Humwachia kile kitanda cha kaka yake. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba watu wazima bilioni 1.28 wa miaka 30 hadi 79 wana presha ya kupanda, na asilimia 46 kati yao hawajui, kwa kuwa haiumi. Mtu hawezi kuchagua kifo cha kishujaa kwa kutumia ugonjwa usiompa taarifa.

Kuhusu Manase nilimjibu kwamba miaka haikutolewa kama malipo ya kazi itakayofanywa ndani yake. Ilitolewa kwa sababu mtu alilia akasikiwa. Lakini nilimwomba asome sura moja zaidi, ya 39 katika Isaya, kwa kuwa hapo ndipo Hezekia aliponichoma. Anaambiwa kwamba nyumba yake itakuja kutekwa, wanawe wapelekwe Babeli, naye anasema neno hilo ni jema, akiwaza kwamba katika siku zake yeye kutakuwa na amani. Mtu aliyelilia uhai wake mpaka ukuta ukalowa, hana hata chozi moja kwa watakaobaki. Kila ninaposikia mwanamume akisema "mimi nimeshaishi vizuri, acha nile," namsikia Hezekia huyo wa pili. Huhesabu siku zake kama mali aliyoichuma peke yake.

Siku za nani, basi? Na mwili wa nani?

Kwa mila zetu jibu la upande mmoja linajulikana. Mimi nilitolewa ng'ombe. Walitoka kwao wakaja kwetu, na kwa ng'ombe hao hao kaka yangu akaoa. Wifi yangu na watoto wake wote wako pale kwa sababu mimi niko hapa. Mwanamke wa Kikurya au wa Kingoreme hahitaji kufundishwa kwamba mwili wake una wenyewe. Amelijua hilo tangu utotoni, wakati mwingine kwa uchungu ambao leo sitauandika. Mwili wa mume wangu haukutolewa hata mbuzi. Kwa hesabu ya zizi, mimi sina ninachomdai.

Ndiyo maana Wakorintho wa Kwanza, sura ya 7, ni sura ya ajabu huku kwetu. Paulo anasema mke hana mamlaka juu ya mwili wake, ni wa mumewe. Nusu hiyo nimeisikia katika harusi nyingi sana, na wanaume huitikia kwa sauti. Kisha Paulo, bila kubadilisha hata kipimo cha maneno, anasema vivyo hivyo mume hana mamlaka juu ya mwili wake, ni wa mkewe. Najua anazungumzia kitanda cha ndoa. Lakini mwili unaolala kitandani ndio huo huo unaokaa mnadani; haubadilishwi mlangoni. Kama nina haki nao usiku, nina neno juu yake mchana. Wala haki hiyo haikununuliwa. Nimepewa, kama yeye alivyopewa, na hakuna ukoo uliokaa kikao kuipanga.

Hapa wanawake wenzangu wengi hufurahi mapema. Kama mwili wake ni wangu, basi nifiche sigara, niwatume watoto wakanuse shati la baba yao, niwaambie wachoma nyama wasimuuzie. Nimeyaona hayo yakifanyika na yananitisha. Kanisa letu limetokana na watu waliokataa kabisa kulazimisha imani. Januari 1525, huko Zurich, Conrad Grebel alimbatiza George Blaurock, mtu mzima, kwa kuombwa na mtu mzima, kwa sababu waliamini hakuna anayeweza kumwaminia mwenzake. Miaka miwili baadaye Felix Manz alitoswa katika mto wa mji huo huo kwa ajili ya imani hiyo. Menno Simons, ambaye jina lake tunalibeba, alikuja baadaye. Watu hao walikataa upanga hata kwa jambo jema kuliko yote, yaani wokovu wa mtu. Nikiamini kwamba hata mbinguni sina ruhusa ya kumkokota mume wangu, nitapata wapi ruhusa ya kumkokota kwenye mchicha?

Tena kuna sababu ambayo si ya dini. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kichwani hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kabla yake lazima kichwa kipigwe picha. Sisi wa Mugumu tujihesabie wenyewe njia ya kufika penye kipimo hicho. Mtu anayepatwa na ganzi ya mkono anatakiwa aseme dakika hiyo hiyo. Mume aliyegeuzwa mwizi nyumbani mwake, anayevutia sigara nyuma ya choo na kutafuna majani ya mpera asinuke, huyo hatasema. Ataificha ganzi pamoja na sigara. Nyumba ya upelelezi humwua mgonjwa kwa ukimya.

Basi kilichobaki ni kusema na kupika. Kupika nimekuchukulia kwa uzito, kwa kuwa chumvi inapita mkononi mwangu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, cha siku nzima. Na wengi hatuyahesabu magadi tunayolainishia mboga, wakati nayo yana sodiamu ile ile ya kwenye chumvi inayopandisha presha. Nilipunguza vyote viwili, nikamwambia siku hiyo hiyo. Ningeweza kunyamaza, ulimi wake ungezoea. Lakini nilitaka ajue amekula nini nyumbani kwake. Alilalamika, akaongeza chumvi mezani kwa muda, kisha akaacha kuongeza, sijui kwa nini na sikumuuliza.

Kusema ni kugumu zaidi. Sikumwambia atakufa, hilo analijua na ameshaandaa jibu. Nilimwambia anachonidai. Kwamba nimezeeka nikimtegemea, kwamba sitaki kurithiwa wala kugawanyiwa ng'ombe na shemeji zangu, kwamba ninataka mtu wa kubishana naye kuhusu Manase. Sigara ameacha. Daktari alimwambia kwamba mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ugonjwa wa moyo inayotokana na sigara hupungua karibu nusu, na mtu wa biashara anaelewa bei inaposhuka hivyo. Pombe ameipunguza. Dawa humeza vizuri akiwa nyumbani na huzisahau akisafiri. Nyama ya mnadani haijaguswa na mahubiri yangu. Ninaishi na hayo.

Nimeandika haya kwa sababu ya mjane mmoja katika ushirika wetu wa akina mama. Mumewe alikufa kwa kiharusi, na baada ya maziko mtu fulani alimsomea Ezekieli 33, habari ya mlinzi: asipopiga tarumbeta, damu ya watu itadaiwa mkononi mwake. Mwaka wa mwisho wa mumewe, mjane huyo alikuwa amenyamaza, kwa kuwa kila alipotaja pombe alipigwa. Aliniuliza kama amemwua.

Nilimwambia hapana. Mlinzi wa Ezekieli anawekwa ukutani na watu wa nchi, kwa hiari yao, nao wanamtambua. Anapiga tarumbeta, hashuki kuwakokota, na hakuna andiko linalosema ampigie yule anayempiga. Mjane huyu alipiga mara nyingi, akanyang'anywa tarumbeta, na aliyemnyang'anya ndiye aliyemteremsha mlinzi ukutani. Damu hiyo haiko mkononi mwake. Nilimwambia hivyo mbele ya ushirika wote ili isibaki siri kati yetu wawili, na kama kuna mchungaji anayeona nimekosea kuisoma sura hiyo, nipo nyumbani kila siku baada ya saa tisa. Aje tuisome pamoja, yeye mwenyewe mjane akiwapo.