Hamu ni Mgeni, Desturi ni Mwenye Nyumba

Liko swali linalowasumbua wengi wajifunzao lugha ya kigeni pasipo mwalimu. Mwezi wa kwanza mtu hukesha na kitabu chake, mwezi wa tatu kitabu kimeshika vumbi, naye husema, "Hamu imeniondoka." Je, mtu huyu ana hatia, au amepatwa na jambo lisilo katika uwezo wake?

Mimi naona ya kuwa kupoa kwa hamu si kosa. Hamu ni mgeni: huja bila kuitwa, na huondoka bila kuaga. Kosa ni kumkabidhi mgeni funguo. Mwenye nyumba ni desturi.

Tumtazame William Carey, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1761. Alikuwa fundi viatu, wala hakusoma katika chuo kikuu. Alipokuwa kijana akijifunza ushonaji, aliona katika kitabu maneno ya Kiyunani asiyoyajua. Akayanakili herufi kwa herufi, akampelekea mfumaji mmoja mwenye elimu amweleze maana yake. Hivyo, kwa kuuliza na kuazima vitabu, alijifunza Kilatini, Kiyunani na Kiebrania, huku akiendelea na kazi ya mikono. Mwaka 1793 alisafiri kwenda Bara Hindi, na mwaka 1801 Agano Jipya kwa Kibengali likapigwa chapa huko Serampore.

Mwezi wa Machi 1812 moto uliteketeza nyumba ya kupigia chapa, ukala karatasi za kazi ya miaka mingi, pamoja na kamusi aliyokuwa akiitunga. Siku ile ni nani angalikuwa na hamu? Walakini Carey, mwenye umri wa miaka 50, alianza tena. Wala hakujihesabu kuwa mtu wa akili nyingi, ila mtu awezaye kwenda polepole na kazi yake bila kuiacha.

Labda mtu atasema, "Kujilazimisha pasipo hamu ni unafiki." La, sivyo. Mkulima hapalilii kwa sababu amependezwa na jua la mchana. Hupalilia kwa kuwa ana watoto. Vivyo hivyo ajifunzaye lugha na ajiulize ni nani atakayefaidiwa: jirani atakayesomewa barua, au mgonjwa atakayefasiriwa maneno ya tabibu. Asomaye ili asifiwe huacha sifa zikikawia. Bali asomaye kwa ajili ya mwenziwe anajua ya kuwa yuko mtu amngojeaye.

Basi jiwekee kipimo kidogo, usichoweza kushindwa nacho hata siku ya uchovu: maneno matano tu, uyaandike na kuyasema kwa sauti. Siku ya hamu, ongeza. Siku isiyo na hamu, timiza. Mara nyingi mgeni yule hurudi, akakukuta kazini. Bandu bandu huisha gogo.