Mti Uliokufa na Majani Yake Mabichi



Nyuma ya bweni letu palikuwa na mwembe. Siku moja mbuzi walipenya uzio, wakalitafuna gome kuzunguka shina zima, likabaki jeupe kama limevalishwa mkanda. Nikatazama juu: majani mabichi, yanang'aa. Nikamwambia mzee anayetunza bustani, "Mzee, huu utapona tu." Akatikisa kichwa. "Frateri, huu umeshakufa. Ila haujajua."

Nilibisha. Nilikuwa nimemsoma Aristotle, anayefananisha mizizi ya mmea na mdomo. Kama mdomo ni mzima, mti utakufaje njaa?

Kumbe ile ni nusu tu ya habari. Mizizi hunyonya maji na madini ya udongo, na hivyo hupanda kupitia ndani ya mti. Lakini sukari hutengenezwa na majani kwa nguvu ya jua, kisha hushuka kupitia tabaka jembamba lililo chini tu ya gome. Mbuzi walikuwa wamekata njia ya kushuka. Ya kupanda ilibaki nzima. Basi majani yakaendelea kunywa kama kawaida, na sukari ikajaa juu ya jeraha, huku mizizi ikila akiba yake ya mwisho. Baada ya miezi kadhaa mizizi ilikufa, na ndipo majani yakanyauka.

Mwembe ule umeniachia swali: tunachowarudishia waliotulea ni hisani au ni haki?

Wengi wetu tunaongea kama ni hisani. "Nikipata nitawakumbuka." Mtakatifu Thomas wa Akwino haoni hivyo. Heshima kwa wazazi na kwa nchi iliyotulea anaiweka pamoja na fadhila ya haki, kwa sababu ni deni, tena deni ambalo hatuwezi kulimaliza. Jani linaposhusha sukari haliwapi mizizi msaada. Lenyewe limejengwa kwa maji yaliyotoka huko chini.

Utaniambia, "Frateri, mimi bado nasoma, sina kitu." Sawa. Jani changa nalo hupokea tu, likikomaa ndipo huanza kutuma. Na hata lililokomaa hutumia kwanza kiasi linachohitaji ili liishi, kwa hiyo sisemi mtu ajinyonge kwa kutuma pesa asizo nazo. Lakini kuna vitu vya kushusha ambavyo si pesa, na hapo ndipo nilipokamatwa mimi.

Mama yangu aliuza ndizi ili nisome. Mwaka jana ulipita muhula mzima bila kumpigia simu. Sababu nilikuwa nazo, tena za kitakatifu: masomo, sala, utume. Si nimejitoa kwa Mungu? Halafu siku moja tafakari ikaangukia Marko sura ya 7, pale Yesu anapowakemea watu waliowanyima wazazi wao msaada kwa kisingizio kwamba kimeshawekwa wakfu, ni Korbani. Nilifunga kitabu. Nilikuwa nimemfanya Mungu awe kisingizio changu.

Jioni nikapiga. Mama hakulalamika hata kidogo. Aliuliza kama nimekula.

Kwa nje nilikuwa mbichi kabisa: naongoza rozari, nafaulu mitihani, watu wananisifu. Hakuna aliyeweza kuona jeraha, hata mimi mwenyewe.

Basi wiki hii jiulize: ni nani aliye chini yako ambaye bado unakunywa maji yake, lakini umeacha kumshushia chochote? Mzazi, bibi, katekista aliyekufundisha sala ya kwanza? Usingoje majani yanyauke.

Tusali: Ee Yesu, hata ukiwa msalabani ulimkabidhi Mama yako kwa mwanafunzi wako. Utufundishe kuwakumbuka waliotubeba, wala tusilitumie jina lako kuwakwepa. Amina.